Toleo Jipya Linakuja

Mzee Polikarpo aliingia dukani kwa Wiliam, Makambako, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Mkamwana wake Cresensia alifuata nyuma kidogo, kama inavyompasa mke wa mtu anapotembea na baba mkwe. Nje upepo ulikuwa ukizoa vumbi la stendi na kulimwaga madirishani. Walikuwa wamepanda basi kutoka Njombe asubuhi ile kwa kazi moja tu, kununua gemu ya kushika mkononi.

“Kamwene, kijana,” mzee alisalimu kwa Kibena.

“Kamwene, mzee. Karibuni.”

“Tumefuata ile gemu ya kushika mkononi. Ni ya mgonjwa.”

Wiliam alichungulia nyuma ya mzee kumtafuta mtoto. “Mgonjwa mwenyewe ana umri gani?”

“Ana mke,” alijibu mzee, na Cresensia akainamisha kichwa.

Mgonjwa alikuwa Anselmi, mwana wa mzee huyo na mume wa mwanamke huyo, mtu mzima mwenye ndevu zake. Baada tu ya Pasaka, msumeno wa mashine ya kupasua mbao kule Kifanya ulimchana kiganja cha kulia. Madaktari walimuunganisha mishipa ya vidole, wakamshona, wakamkabidhi kwa Erica, dada wa mazoezi ya viungo, ambaye hakuwa na maneno ya kubembeleza. Alisema kidonda kitapona chenyewe, lakini vidole havitapona vyenyewe. Visipokunjwa kila siku katika miezi hii ya mwanzo vitaganda, na vikishaganda, mkono huo hautashika tena jembe wala ubao.

Anselmi alipewa mpira wa kuminya. Aliuminya siku chache huku akisaga meno, kisha mpira ukaonekana chini ya kabati na hakuna aliyeuliza umefikaje. Maumivu yalikuwa makali, na kazi yenyewe ilimchosha akili. Halafu jioni moja akaenda kibandani kwa jirani yao Stanley, wakala wa kutuma pesa, akaishika gemu yake. Alicheza mpaka Stanley akafunga kibanda. Vidole vilikuwa vikijikunja nyuma ya kile kidude na kubonyeza vitufe bila mwenyewe kukumbuka kulalamika. Cresensia aliona kwa macho yake, akaenda kumwambia Erica, na Erica akasema kitu chochote kitakachomfanya akunje vidole akiwa amesahau maumivu ni dawa. Simu haifai, alisema, maana simu inaguswa tu kwa dole gumba.

Kurudi kwa Stanley kila siku hakukuwezekana. Wapita njia wa mtaa wao wa Mjimwema walikuwa wakisimama kumtazama baba mzima akigombana na gari la kwenye kioo, na mmoja alimuuliza kama ameshafanya kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu. Anselmi hakwenda tena. Ndipo Mzee Polikarpo aliposema atainunua yeye, kwa pesa yake, na wala si kwa kunung'unika. Alikuwa akimpenda mwanawe, na alitaka watu wajue hivyo.

Wiliam alitoa boksi, akaiwasha gemu, akampa mzee aishike. Mzee aliipimapima uzito, akaigeuza, akainusa kidogo.

“Ni nzuri?”

“Ni nzuri, mzee. Lakini nisikudanganye.” Wiliam alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, na siku hiyo ingekuwa heri angekuwa mwongo. “Mwezi wa tisa linatoka toleo jipya. Kioo kikubwa, chaji inakaa, haichemki. Hii hapa itashuka bei. Wateja wangu wengi wanaojua mambo wamesema wanasubiri.”

Mzee Polikarpo aliirudisha gemu juu ya kaunta polepole. Alikuwa na shamba la misindano Kifanya, na heshima yake yote mjini ilitoka katika shamba hilo. Wenzake waliuza miti ikiwa michanga kwa sababu ya harusi, ada au tamaa, wakaambulia nguzo za uzio. Yeye alingoja mpaka ikatoa mbao, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Tangu hapo kila jambo duniani alilipima kwa mti, na mara nyingi hakukosea.

“Kwa hiyo hii haijakomaa,” alisema.

“Eh, tuseme hivyo.”

Cresensia aliona mambo yanaharibika. Kwa malezi yake, mkamwana hambishii baba mkwe, seuze mbele ya mtu baki. Akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine, na yule mwingine ndiye anayelifikisha. Alizitazama chaja zilizoning'inia ukutani.

“Kaka,” alimwambia Wiliam, “hivi mkono wenye mshono unaweza kungoja mpaka mwezi wa tisa?”

“Mimi nauza simu, dada. Mambo ya mikono siyajui.”

“Mwambie mkono upo tu, hauendi popote,” mzee akamjibu Wiliam. “Subira yavuta heri.”

“Na ngoja ngoja je, kaka? Nayo si ina maneno yake?”

“Huumiza matumbo,” alisema Wiliam akicheka, kisha akauona uso wa mzee na kuacha kucheka.

“Mwambie,” mzee alisema kwa upole, “sitamnunulia mwanangu kitu ambacho kesho kutwa watu watasema kimepitwa na wakati. Ameshachekwa vya kutosha. Nikinunua, nanunua kitu cha maana.”

Neno lenyewe lilikuwa la upendo, na Cresensia akajifunga kanga yake vizuri tayari kuondoka. Walirudi stendi mikono mitupu. Mzee alimnunulia mkamwana wake soda na maandazi ya njiani, akamchagulia kiti cha dirishani, kisha akalala usingizi mzuri mpaka Njombe.

Anselmi hakukasirika. Cresensia alikuwa amejiandaa kumtuliza, lakini mumewe alisikiliza habari za toleo jipya kwa makini kama mtu anayesikiliza bei ya mbao. Usiku haujaingia, alikuwa ameshaitafuta kwenye simu kwa mkono wa kushoto.

“Baba kaona mbali,” alisema. “Ile ya sasa ina matatizo, Mama Yunis. Inachemka. Ukinunua sasa, umeliwa.”

“Na mazoezi?”

“Si nitafanya ikija?”

Tangu siku hiyo alipata kazi ya kufanya. Yunis, binti yao, alikuwa shule ya bweni, mama yake alikuwa sokoni akiuza viazi, na baba yake alishinda kibarazani amejifunika blanketi, akitazama video za wazungu wakieleza gemu ambayo hata wao hawajaishika. Alijua ukubwa wa kioo. Alijua rangi zitakazotoka. Baridi ya mwezi wa sita iliposhuka na ukungu ukawa haufumbuki mpaka saa nne, mkono wa kulia ulikaa ndani ya mfuko wa koti, umetulia, na ukitulia haukumuuma. Cresensia alimfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Alimkatia nyama. Alipomkumbusha mpira wa Erica, alijibiwa kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa na karani.

Ilipofika zamu yao ya kupokea sala ya jumuiya, majirani walijaa sebuleni, wakasali, wakaimba, wakafika mahali pa kutakiana amani. Anselmi alitoa mkono wa kushoto. Watu walimwelewa, lakini kuelewa si sawa na kuzoea, na mama mmoja alisitasita kabla ya kuupokea. Baada ya sala, wakati wa chai, Ezekia wa mtaa wa juu, ambaye hajawahi kuacha neno lipite, aliuliza kwa sauti ya sebule nzima.

“Mzee Poli, nasikia unamnunulia kijana mdoli?”

Watu walicheka. Mzee Polikarpo hakucheka wala hakununa. “Ni dawa ya mkono,” alisema. “Na si hiyo mnayoiona kwa vijana. Inakuja mpya kabisa. Njombe nzima hakuna.”

Kicheko kikapungua. Mtu aliuliza ina nini, na Anselmi akaeleza, kwa ufasaha na kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alizungumza kama mtu mwenye kitu. Cresensia alikuwa akimimina chai, akamwonea fahari mumewe, na papo hapo akaogopa.

Mwezi wa saba Stanley alipata eneo jipya la biashara Songea. Alikuwa akiuza vyombo vyake, kitanda, jiko la gesi, meza, naye Cresensia akaenda kununua meza. Kwenye lile rundo aliiona ile gemu. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kona ya kioo.

“Hiyo nayo unauza?”

“Hiyo chukua kwa chochote, shemeji. Inafanya kazi vizuri, mkwaruzo tu. Mwambie Anselmi aniombee.”

Alimpa pesa ya viazi vya juma hilo na kuisahau meza. Aliifunga gemu ndani ya kanga, akapita nayo njia ya nyuma akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Pasaka. Alikuwa ameshapanga. Angempikia mumewe ugali na kuku wa kienyeji, angesubiri ashibe, kisha angemwekea mapajani bila maneno. Kesho yake mambo yangejulikana kwa mzee taratibu, kwa mdomo wa mtu.

Alipoingia, mzee alikuwa ameketi sebuleni, koti la kanisani mwilini, ametoka Makambako.

“Nimemlipa yule kijana kabisa,” alikuwa akimwambia Anselmi. “Ya kwanza kushuka ni yetu. Kaniandika juu ya wote. Sikutaka mtu aje atupite.”

Anselmi alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha zamani, cha kutupa kichwa nyuma, na Cresensia alikuwa ameshadhani msumeno umekikata nacho. Mzee alimtazama mwanawe akicheka, macho yakamlengalenga, akajisingizia moshi ingawa jiko lilikuwa nje. Cresensia alipita mpaka chumbani na kanga yake. Kutoa kitu cha mkwaruzo mbele ya furaha ile kungekuwa kumvua mzee nguo. Aliiweka sandukuni, chini ya vitenge vyake vya sikukuu, akajiambia kesho.

Kesho ilikuja, na keshokutwa ikaja. Siku moja mzee alikuwepo. Siku nyingine hakuwepo, lakini Anselmi alikuwa ametoka kusema kwamba gemu za zamani ni takataka. Cresensia alikuwa mwoga, tuseme ukweli, lakini alikuwa mwoga wa namna aliyofundishwa, na aliyemfundisha aliuita woga huo adabu.

Alijaribu njia iliyo sahihi. Alimfuata Modesta, dada yake mzee, shangazi wa mumewe, ambaye kazi yake katika ukoo ilikuwa hiyo hiyo ya kubeba maneno mazito. Alimkuta akipukuchua mahindi.

“Shangazi, nina neno la kufika kwa baba.”

“Sema.”

Alisema lote. Modesta aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe.

“Umeinunua wewe?”

“Mimi, shangazi.”

“Na kaka yangu ameshalipa, na jumuiya yote inajua.”

“Ndiyo.”

“Sasa unataka nikamwambie nini? Kwamba mkamwana kamtangulia? Watu watasema Polikarpo ameachia nyumba mwanamke aiendeshe. Wewe mwenyewe utaitwaje?” Akachukua hindi jingine. “Mwezi wa tisa si huo hapo? Vumilia. Neno hilo mimi sikulisikia.”

Mdomo pekee aliokuwa nao ukafungwa hivyo. Cresensia alimsaidia kupukuchua debe zima, maana ndiyo heshima, kisha akaenda zake.

Mwezi wa tisa Wiliam alipiga simu kusema waliotengeneza wameahirisha mpaka karibu na Krismasi, si yeye, ni huko huko kwao. Mzee alipokea habari hiyo kwa utulivu. Mti nao, alisema, mwaka wa mvua haba unachelewa, lakini mbao yake huwa ngumu zaidi.

Juma lile lile Cresensia alimpeleka mumewe kliniki kama anayemburuta. Erica aliushika ule mkono, akajaribu kuukunja, Anselmi akaruka. Vidole viwili, cha pete na cha kati, vilisogea kidogo tu na kukwama.

“Mlikuwa wapi?” Erica aliuliza. “Kilichoshindikana ni nini? Mpira uko wapi? Ile gemu mliyonieleza iko wapi?”

“Inakuja,” alisema Anselmi.

“Inatoka wapi, mbinguni? Nilisema miezi ya mwanzo. Miezi ya mwanzo imeisha. Kama ipo yoyote, hata mbovu, leo hii aishike, labda tutaokoa kidogo.”

Alisema yoyote, hata mbovu, na alimtazama Cresensia wakati akisema. Cresensia alihisi sanduku limefunguka mbele ya watu. Jioni hiyo aliingia chumbani, akainua vitenge, akaishika. Ilikuwa baridi. Akafikiri: nikiitoa leo, atauliza tangu lini. Mwezi wa saba ningeitoa ikaitwa kiburi, lakini leo itaitwa nini? Kila siku aliyokuwa ameificha ilikuwa imeongeza uzito wa siku ya kuitoa, na sasa hakuweza kuinyanyua. Akaufuata mpira chini ya kabati, akaupangusa vumbi, akauweka mkononi mwa mumewe. Anselmi aliuminya mara chache, akauacha udondoke.

Toleo jipya lilifika siku chache kabla ya Krismasi. Mzee Polikarpo alilifuata mwenyewe Makambako na kulipakata safari nzima, na alipofika Mjimwema aliingia kwa mwanawe bila kupitia kwanza nyumbani kwake mwenyewe. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, jua limetoka. Modesta alikuwepo, amekuja na kapu la parachichi. Cresensia alisimama mlangoni mwa chumba.

“Haya,” mzee alisema, akaweka boksi mezani. “Njombe nzima hakuna.”

Anselmi alilifungua kwa mkono wa kushoto na meno. Gemu ilikuwa nzuri kweli, kioo kikubwa kama kilivyoahidiwa, nyeusi, inang'aa. Aliiwasha, muziki ukajaa sebule, Modesta akapiga kigelegele kidogo. Kisha akaishika kwa mikono miwili.

Mkono wa kushoto uliikumbatia. Wa kulia uliweka kiganja na dole gumba, lakini vidole viwili vilibaki vimenyooka hewani, havina habari na kitu. Gemu iliteleza ikaanguka mapajani. Aliiokota, akajaribu kuvisukuma vile vidole kwa mkono mwingine, vikagoma. Ikaanguka tena. Gari la kwenye kioo liligonga ukuta, likalipuka, likaanza upya lenyewe.

“Labda ni nzito,” alisema mzee.

“Si nzito, baba.”

“Utaizoea. Mkono si utaizoea?”

Anselmi aliiweka mezani polepole, muziki ukiendelea, akaurudisha mkono kwenye mfuko wa koti ingawa hakukuwa na baridi. Alikuwa amejua tangu kliniki, kama walivyojua wote, lakini alikuwa ameufungia ukweli huo ndani ya boksi lile, na sasa boksi lilikuwa wazi.

Mzee Polikarpo alikaa, kofia magotini. Alizeeka pale pale kitini. “Tungechukua ile ya mwanzo,” alisema, akiutazama ukuta. “Ile ya siku ile dukani. Angalau ingekuwemo humu ndani. Angalau.”

Modesta alimtupia jicho Cresensia, jicho la kumkataza. Cresensia aliliona. Aliingia chumbani, na waliobaki sebuleni wakasikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na kanga, akaikunjua, akaweka gemu ya Stanley mezani kando ya ile mpya. Kioo kilikuwa cheusi, chaji imekufa zamani, mkwaruzo uko kwenye kona yake.

Anselmi aliutambua ule mkwaruzo. “Hii ya Stanley.”

“Ndiyo.”

“Stanley kaondoka mwezi wa saba.”

“Ndiyo.”

“Mwezi wa saba vidole vilikuwa vinakunjika,” alisema Anselmi. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipandisha.

Mzee aliitazama gemu moja, akaitazama ya pili. Alimgeukia dada yake. “Modesta, muulize. Ilikuwa humu ndani siku zote hizo?”

Modesta alitazama kapu la parachichi. Mzee akamgeukia mwanawe. “Muulize mkeo.” Anselmi hakugeuza kichwa. Ikawa hakuna aliyebaki wa kutumwa, na mzee akalazimika kumtazama mkamwana wake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku alipoletwa nyumbani kwake.

“Kwa nini hukusema, mwanangu?”

“Ningesema kwa mdomo wa nani, baba?”

Mzee Polikarpo alitazama mlangoni, kana kwamba kuna mtu angeingia kumsaidia kujibu, lakini nje palikuwa na jua tu na barabara yenye tope, na ile gemu mpya iliendelea kupiga muziki wake mezani mpaka Cresensia akanyoosha mkono kuizima.